Je, Wajua? Gari la Umeme Lililozaliwa Makerere

Je, wajua kwamba Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, liliundwa na wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala? Liliendeshwa hadharani Novemba 2011, wakati magari ya aina hiyo yalikuwa bado adimu hata Ulaya.

Safari ilianzia katika mradi wa kimataifa ulioongozwa na wanafunzi wa MIT, Marekani. Vyuo kadhaa viligawana kazi ya kuunda gari liitwalo Vision 200, Makerere kikiwemo. Lilipokwisha kuonyeshwa Torino, Italia, mwaka 2008, Waganda hao walitaka kuunda la kwao, nyumbani. Betri na baadhi ya vipuri viliagizwa nje, na hilo haliwapunguzii sifa hata kidogo; viwanda vikubwa vya magari navyo hununua vipuri kwa wengine. Kazi ngumu ni kuvifanya vyote viende pamoja, na hiyo waliifanya wenyewe.

Mwaka 2014 likafuata gari la viti vitano linalotumia petroli na umeme. Lakini linalosisimua zaidi ni Kayoola, basi la abiria 35 lililozinduliwa 2016. Paani lina paneli za sola zinazochaji betri likiwa barabarani, wazo linaloifaa kabisa nchi iliyokatwa na ikweta.

Kazi hiyo sasa iko mikononi mwa Kiira Motors, kampuni ya serikali yenye kiwanda chake Jinja.