Mpangilio wa Tarakimu katika 22/7 na katika Pai

Pai ni uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake. Katika shule za msingi za Tanzania, za Masieda mkoani Manyara zikiwemo, mwanafunzi hukutana nayo kwanza katika maelekezo ya swali: tumia π = 22/7. Alama hiyo ya usawa humfanya aamini kuwa pai na 22/7 ni namba moja. Makala haya yanaonesha kuwa mpangilio wa tarakimu unatosha kuzitofautisha.

Sehemu 22/7 ikigeuzwa kuwa desimali hutoa 3.142857142857..., ambapo kundi 142857 hujirudia bila kikomo. Sababu yake imo katika kugawanya kwenyewe. Namba ikigawanywa kwa 7 bila kuisha, baki haliwezi kuwa jingine ila 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Hapa mabaki hufuatana 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 hurejea, na tarakimu hulazimika kuanza upya. Kundi hilo lina sifa nyingine: likizidishwa kwa 2 hutoa 285714, na kwa 3 hutoa 428571, yaani tarakimu zilezile kwa mfuatano uleule, zikianzia mahali tofauti. Likizidishwa kwa 7 hutoa 999999.

Kwa hoja hiyohiyo, desimali ya sehemu yoyote ama huisha ama hujirudia, kwa kuwa mabaki yake yana idadi maalumu. Pai haifanyi hivyo. Huanza 3.14159265..., na huachana na 22/7 tangu nafasi ya tatu ya desimali. Mwaka 1761 Johann Lambert alithibitisha kuwa pai haiwezi kuandikwa kama uwiano wa namba nzima mbili. Hivyo hakuna kundi la tarakimu zake litakalojirudia daima. Kuanzia nafasi ya 762 ya desimali hutokea tarakimu 9 mara sita mfululizo, jambo linaloweza kudhaniwa kuwa mwanzo wa mzunguko, lakini tarakimu inayofuata ni 8.

Hata hivyo, 22/7 haipaswi kudharauliwa. Archimedes alikwisha kuonesha, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, kuwa pai ni ndogo kuliko 22/7 na kubwa kuliko 223/71. Kwa tanki la maji lenye kipenyo cha mita 7, sehemu hiyo hutoa mzingo wa mita 22, ilhali mzingo halisi ni takribani mita 21.991. Tofauti ni milimita 9 hivi, ambayo fundi anaweza kuivumilia.

Kinachohitaji marekebisho, basi, ni alama ya usawa. Mwalimu akiandika π ≈ 22/7, na kuwaacha wanafunzi wagawanye 22 kwa 7 hadi baki la kwanza lirejee, watatambua wenyewe kuwa sehemu hiyo ni makadirio ya pai tu.