Bomu linapohamia kifuani

Radi ikipiga kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwenyeji wa wilaya hiyo ya Isingiro hukimbilia mahindi yake yaliyoanikwa uani. Mama aliyetoka Goma, mashariki mwa Kongo, hukimbilia watoto. Huwavuta ndani, akawalaza chini mbali na mlango, akatega sikio. Ngurumo zikishapita, ndipo anapokumbuka mahindi.

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani za Mugunga na Lac Vert, kandokando ya Goma. Yaliua watu waliokuwa wamekwisha kuvikimbia vita vijijini kwao, watoto wakiwemo. Turubai halizuii kipande cha chuma. Januari 2025 Goma yenyewe ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Wakongo wakazidi kuvuka mpaka kuingia Uganda.

Mbarara, mji ulio jirani na Nakivale, inayajua haya. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliivamia Kagera nchini Tanzania, na ndege zake zikaipiga Bukoba. Majengo hayakuharibika sana, lakini watu waliingiwa na hofu, wakauhama mji. Februari 1979, Tanzania ilipojibu, ikawa zamu ya Masaka na Mbarara. Mizinga na roketi za Tanzania zilinguruma, na miji yote miwili ikabomolewa vibaya. Roketi zile Waganda waliziita saba saba. Jina hilo halijasahaulika hadi leo.

Wakuu wa vita hudhani raia akipigwa vya kutosha atakata tamaa. London ilipigwa mabomu na ndege za Ujerumani miezi minane, tangu Septemba 1940, lakini kulipokucha watu walifagia vioo vilivyovunjika wakaenda kazini. Nakivale nayo, iliyofunguliwa 1958 kuwapokea Wanyarwanda, haijakata tamaa. Wakongo, Warundi na Wasomali wanalima, wanashona, wanauza vitenge na sambusa, na wasioelewana kwa lugha za nyumbani hupatana bei kwa Kiswahili.

Hata hivyo, kuvumilia si kupona. Mtu huamka alfajiri akashika jembe, kumbe usiku kucha hakufumba jicho. Mtoto hushtuka mlango ukibamizwa darasani, akaangusha kalamu, akaingia chini ya dawati, na mwalimu asiyejua alikotoka akamwona mtundu. Tena tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza misaada mwaka 2023 kwa kukosa fedha, njaa imeongezeka juu ya woga. Mzazi ambaye angekaa na mtoto huyo jioni yuko kibaruani, akitafuta unga.

Uganda imewapa wakimbizi ardhi na ruhusa ya kufanya kazi, na hilo ni jambo la heshima. Lakini ardhi peke yake haimpi mtu usingizi. Tunahitaji washauri wa afya ya akili wanaozungumza Kiswahili, shuleni na kwenye zahanati. Tunawahitaji pia wazee wa Mbarara walioikimbia saba saba, kwa kuwa wao hawahitaji kufafanuliwa kishindo ni nini.

Nawe mwalimu, muuguzi, jirani: mtoto akishtuka radi ikipiga, usimkaripie. Kaa naye mpaka mvua ikatike.