Safari Isiyotangazwa

Mzazi wa Dar es Salaam anayepanga kuwafanyia wanawe sapraizi ya kwenda kwenye mabwawa na mitelezo ya maji ya Kunduchi, au kulala usiku mmoja Bagamoyo, huonekana ana anasa mbili kwa mpigo: anasa ya matembezi na anasa ya kuyafanya siri. Ya kwanza nitaijibu mbele. Ya pili naikataa tangu hapa. Nyakati ambazo hakuna anayejua mwezi ujao utakujaje, siri ni njia ya busara kabisa ya kupanga safari ya familia, na nadhani ni bora kuliko kutangaza mapema. Kilichotangazwa ni ahadi, na ahadi kwa mtoto ni deni lenye tarehe. Ataihesabu kwa vidole kila asubuhi akipiga mswaki. Kilichofichwa bado ni mpango, na mpango unaweza kusogezwa, kupunguzwa au kugeuzwa bila mtu kulia.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona ni mara ngapi mipango imevunjwa na mambo ambayo hakuna mzazi aliyekuwa na mkono ndani yake. Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, serikali ilifunga shule, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Kalenda nzima ya likizo ikapinduka. Mwaka 2022 bei ya petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, mpaka serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilikuja kutoka baharini kikiwa na jina la Hidaya, neno ambalo kwetu ni zawadi, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimama. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika na jiji likawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Siku hizo familia nyingi zilikuwa na mazito ya kubeba kuliko safari. Mambo haya hayafanani, lakini yote yaliwakuta watu ambao tayari walikuwa na tarehe.

Kuna hatari nyingine inayomkabili aliyetangaza na kulipa mapema, nayo imo ndani yake mwenyewe. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, waliwaomba watu 61 wajione wamenunua tiketi za safari mbili za kuteleza kwenye theluji, moja ya dola 100 na nyingine ya dola 50, kisha wakagundua kuwa zote zinaangukia wikendi moja. Waliambiwa wazi kwamba ile ya dola 50 ndiyo wataifurahia zaidi. Watu 33 walichagua ile ya dola 100. Fedha ilikuwa imekwisha kutoka mfukoni, haikurudi kwa vyovyote, lakini bado iliwavuta. Mzazi aliyelipa chumba na kutangaza tarehe huvutwa na kamba mbili, ya fedha na ya ahadi, na ndiye anayeng'ang'ania kuondoka asubuhi ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni kulipa mwishoni kadiri inavyowezekana, hata kama bei ya dakika za mwisho itakuwa juu kidogo. Tofauti hiyo ni bei ya uhuru wa kubadili mawazo. Pale kianzio kisipokwepeka, uliza kabla ya kutuma fedha kama tarehe inaweza kusogezwa, na upate jibu kwa maandishi. Jambo moja limekuwa jepesi: tangu kanuni za Machi 2025 zilizokataza bei za ndani ya nchi kutangazwa kwa fedha za kigeni, mzazi ana haki ya kuambiwa bei ya chumba cha ufukweni kwa shilingi, bila kuikimbiza dola inavyopanda.

Pwani ya kaskazini ya jiji inafaa zaidi kwa safari ya namna hii kuliko mahali pengine ninapopafahamu nchini, na sababu yake ni barabara. Kila kitu kiko kwenye mstari mmoja. Ukitoka Mwenge unapita Mbezi Beach, unafika Kunduchi Mtongani, ambapo ukikunja kulia unaelekea kwenye mabwawa ya michezo, kwenye boti za kisiwa cha Mbudya, na kwenye magofu ya Kunduchi yenye makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Usipokunja, unaendelea Tegeta, Boko, Bunju, unavuka mto Mpiji na kuingia mkoa wa Pwani, kisha Mapinga, Kerege, Zinga, mpaka Bagamoyo kwenyewe, mwendo wa kilomita 65 hivi kutoka katikati ya jiji. Kaole na misikiti yake miwili ya kale iko kilomita chache kusini mwa mji. Mwenye nafasi zaidi atapita Bagamoyo aende Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako twiga na bahari viko sehemu moja. Safari inaweza basi kurefuka au kufupika bila kubadili uelekeo. Saadani ya usiku mbili ikishindikana kwa sababu masika yameharibu barabara, inabaki Bagamoyo ya usiku mmoja. Nayo ikishindikana, inabaki Kunduchi ya kwenda na kurudi. Na mfuko ukikauka kabisa, kuna daladala ya Makumbusho hadi Bagamoyo, maandazi na chupa ya maji kwenye kapu, na mchana mzima Kaole. Mtoto ambaye hakuambiwa habari za Saadani hatajua kwamba Kaole ilikuwa chaguo la nne. Atauona mbuyu mkubwa na minara ya makaburi, na siku hiyo itakuwa yake yote.

Kitu kinachosahauliwa zaidi katika mipango hii ni maji yenyewe. Watu huangalia mvua, hawaangalii mwezi. Katika pwani hii, siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, kisha hujaa tena karibu saa 10 jioni. Familia iliyotoka mjini alfajiri itafika ufukwe wa Bagamoyo na kukuta bahari imeondoka: mchanga wa rangi ya majivu umetanda mbali, ngalawa zimelala ubavu, kamba za nanga zimelegea kwenye tope, na kaa wadogo wanakimbilia mashimoni. Kwa mtoto aliyeahidiwa kuogelea, ni msiba. Kwa mtoto ambaye hakuahidiwa chochote, ni uwanja wa kuchezea usio na mwisho, na maji yatakuja baada ya chakula cha mchana. Siku za maji mafu hali hugeuka, na asubuhi ndiyo inayokuwa na maji. Waulize wavuvi wa soko la samaki; watakujibu bila kutazama karatasi yoyote.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni kwamba nusu ya utamu wa safari uko katika kuingoja. Haitokani na hisia tu. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti uliohusu Waholanzi 1,530, ambao 974 kati yao walikwenda likizo. Waliosafiri waliwazidi wenzao kwa furaha kabla ya kuondoka. Waliporudi, wengi wao hawakuwa na tofauti na waliobaki nyumbani, isipokuwa wachache waliopumzika sawasawa. Hoja hii naikubali, tena imenifanya nipunguze ukali wa ushauri wangu. Siri isikae mpaka getini. Jioni ya kuamkia safari, hali ya hewa ikiwa imeonekana na fedha ikiwa mkononi, watoto waambiwe kwamba kesho kuna kutoka. Usiku huo hawatalala vizuri, na huko ndiko kungoja kwenyewe. Mahali pabaki siri. Hata wiki za kabla yake zinaweza kuwa na ladha: kibubu cha familia kisichosemwa ni cha nini, hadithi za misafara iliyoishia Bagamoyo kutoka bara, mazoezi ya kuelea kwa anayeogopa maji. Na mzazi, anayejua, anafaidi miezi mizima ya kungoja.

Wapo watakaosema kwamba wakati bei ya unga inapanda hakuna haja ya kuzungumzia mitelezo ya maji. Wana haki ya kusema hivyo pale safari inapotoka kwenye ada ya shule, au, vibaya zaidi, kwenye mikopo ya kausha damu ambayo watu huichukua kwa simu kwa dakika tano na kuilipa kwa miezi. Safari ya namna hiyo sitaitetea. Lakini mpango usiotangazwa ndio unaomlinda mzazi asifike huko, kwa kuwa anayekopa mara nyingi hukopa ili asionekane mwongo mbele ya watoto. Kibubu kikijaa nusu, safari inakuwa nusu. Na nyumba ambayo imekuwa ikisikiliza habari za bei kila jioni inahitaji siku moja ambayo baba na mama hawaongelei bei.

Siri hii ina mipaka, na hapa sina mjadala. Mwenzi wako ajue kila shilingi, maana kuficha matumizi nyuma ya neno sapraizi kumevunja nyumba. Mtoto mwenye usonji, au yeyote anayetaabika ratiba inapobadilika ghafla, aambiwe mapema, aonyeshwe picha za mahali, aulizwe. Bibi anayekaa na wajukuu asiachwe akishangaa mlangoni.

Na njiani, pale Mtongani, dereva akiwa hajakunja wala hajapitiliza, watoto wakiwa wamebanana kwenye kioo cha kulia wakijaribu kusoma mabango, mzazi bado ana nafasi ya kutazama wingu lililo upande wa Bagamoyo na kuamua.