Mchanga wa Zanzibar, makuta ya Katanga: tusome karatasi mbele ya kulipa

Mu simu za wafanyakazi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, picha za apartema za pembeni ya bahari zinapita kila siku. Maji ya buluu, minazi, kitanda cheupe, na bei kwa dola. Wenzetu wanakuja kutuuliza ku ofisi ya sendika: hii ni feza ya kweli ao ni ndoto? Tumechunguza mambo ya Zanzibar, na tumekuta kule mambo mengi ambayo mutu wa mine anayajua tayari.

Kutoka 42,000 kufika 700,000

Zanzibar ni visiwa, vikubwa ni Unguja na Pemba. Viko ndani ya Tanzania, lakini viko na serikali yao na sheria yao ya udongo. Kwa sisi wa Katanga si mbali sana. Lori lenye kubeba shaba yetu linatoka Kasumbalesa, linakata Zambia, linaingia Tanzania ku Tunduma, linafika ku bandari ya Dar es Salaam. Kutoka pale boti inavuka kwenda Unguja kwa karibu saa mbili. Wachuuzi wetu wenye kufuata kontena Dar wanajua njia hiyo sawa njia ya soko.

Zamani kisiwa kilikuwa kinaishi kwa karafuu, sawa vile sisi tunaishi kwa shaba. Bei ya karafuu ikaanguka, na mu 1986 serikali ikatoa sheria ya kukaribisha wenye mitaji kutoka inje. Mu 1990 watalii walikuwa karibu 42,000. Mu 2019 walipita 530,000. Mu 2024 walipita 730,000. Na wenyeji wote, kufuata hesabu ya watu ya 2022, ni karibu 1,890,000. Leo utalii peke yake unabeba zaidi ya robo ya uchumi wa kisiwa.

Watalii wengi hivyo wanataka pa kulala. Hoteli zinataka udongo. Na udongo wenye kutakiwa sana si wa katikati ya kisiwa, ni ule mstari mwembamba wa mchanga mbele ya maji: Nungwi na Kendwa ku kaskazini, Kiwengwa, Paje na Jambiani ku mashariki. Mstari huo haurefuki. Njo maana bei inapanda.

Pwani ilikuwa kazi mbele ya kuwa plaji

Mwenye kufika Paje wakati maji yamekupwa anaona wanawake wameinama mbali kule ndani, wanafunga mwani ku kamba zenye kushikwa na vijiti. Kilimo hicho kiliingia Paje na Jambiani mu 1989, na wengi wenye kukifanya ni wanawake. Mwani unakaushwa, unauzwa kwenda inje, unaingia mu viwanda vya chakula na vya dawa ya meno. Bei ni ndogo, na maji ya bahari yenye kuongezeka joto yanaua mwani. Lakini ni feza ya mama mwenyewe, na mama wengi wa pale walisomesha watoto nayo.

Sasa pahali pale pale njo mutalii anataka kuogelea na kucheza na tiara yenye kumuvuta juu ya maji. Vijiti vya mwani vinamuchoma miguu. Mvuvi naye anataka pa kuvutia ngalawa yake na pa kutengeneza nyavu. Hoteli inajenga ukuta, na njia ya kushuka pwani inakuwa ndefu. Kisima nacho: ukivuta maji mengi karibu na bahari, maji ya chumvi yanaingia chini kwa chini, na kisima cha kijiji kinaanza kuwa na chumvi. Bwawa la kuogelea linapata maji kwanza, maana liko na pampu ya nguvu.

Sisi hatushangai. Kwetu pia mama alikuwa na shamba, kisha siku moja mutu anakuja na karatasi, anasema hapa ni konsesio. Tofauti ni kwamba kule wanafuata kitu kilicho juu ya udongo, na kwetu wanafuata kitu kilicho chini.

Anayeuza wa kwanza njo anayepata kidogo

Kwa sheria ya Zanzibar, udongo wote ni wa umma, uko mu mikono ya Rais kwa jina la wananchi. Kisha Mapinduzi ya 1964 serikali ilitwaa mashamba, ikagawia jamaa nyingi eka tatu tatu. Lakini ule udongo wa mawe wa pembeni ya bahari, usio mzuri kwa karafuu, ulibaki mu matumizi ya vijiji kufuata desturi. Zamani hakuna aliyeupigania. Mutu alikuwa na haki ya muti alioupanda na nyumba aliyoijenga.

Basi utalii ulipokuja, udongo usio na bei ukapata bei. Jamaa inauza kipande kwa dalali, yule sisi tunayemuita komisionere. Dalali anauzia mutu wa mujini. Mutu wa mujini anangoja, anatafuta karatasi, anauzia mwenye mutaji. Mwenye mutaji anajenga ghorofa, anauza kila chumba kwa mita. Ku kila mukono bei inaongezeka, lakini mukono wa kwanza, ule wa jamaa ya kijiji, hautarudishiwa kitu. Feza yao ilijenga nyumba ya bati ku upande mwingine wa barabara, ikanunua pikipiki, ikaisha.

Njo neno tunalotaka kila mutu alishike: udongo ukipanda bei, haulipi mwenye kuukalia. Unalipa mwenye karatasi na mwenye uwezo wa kungoja.

Mutu wa inje ananunua nini kweli?

Mu 2010 Zanzibar ilitoa sheria ya apartema, yenye kuruhusu mutu kuwa na chumba chake ndani ya jengo la pamoja. Mu 2023 ikafuata sheria mupya ya uwekezaji, na mamlaka ya pale, ZIPA, inasimamia mambo hayo. Mugeni anaruhusiwa kununua apartema mu miradi iliyokubaliwa, na akiweka angalau dola 100,000 anaweza kupewa ruhusa ya kukaa. Mu Fumba, kusini ya uwanja wa ndege, muji mupya mzima unajengwa kwa njia hiyo. Mu Paje pia apartema zinauzwa.

Lakini tusikie vizuri neno "kununua". Mugeni hapati udongo. Anapata haki ya kukodi kwa muda, unaoweza kufika miaka 99. Si ajabu kwetu: sheria yetu ya 20 Julai 1973 nayo inasema udongo ni mali ya Serikali, na mugeni hapewi konsesio ya milele.

Wengine wanatuambia: Kongo imeingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022, basi sisi si wageni tena. Hapana. Mapatano ya soko la pamoja ya Jumuiya, mu kifungu cha 15, yanasema mambo ya udongo yanafuata sheria ya kila inchi. Hata Mtanzania wa bara hana haki sawa na Mzanzibari ku udongo wa Zanzibar. Sembuse mutu wa Kolwezi.

Na kodi inayoahidiwa? Wauzaji wanasema apartema itajilipa yenyewe kwa feza ya watalii. Inaweza kutokea. Lakini kila mwaka masika, kuanzia mwezi wa tatu mupaka wa tano, vyumba vingi vinabaki wazi. Na mu 2020, wakati wa korona, watalii walianguka kutoka zaidi ya 530,000 kufika karibu 260,000. Sisi tuliona jambo hilo mu 2008: bei ya shaba ilianguka kwa miezi kidogo tu, na kampuni nyingi za Katanga zikafunga mulango. Feza yenye kutegemea safari ya mutu wa Ulaya ni sawa na feza yenye kutegemea bei ya London. Haikuulizi mbele ya kuanguka.

Wenye kutandika vitanda

Wa sendika hawezi kupita hoteli bila kuuliza juu ya wafanyakazi. Wapishi, watandika vitanda, walinzi na wajenzi wa Zanzibar wengi wanatoka bara, na wengine Kenya. Vijana wa kijiji mara nyingi wanaambiwa hawajui luga za watalii, hawana diploma ya hoteli. Masika ikifika, kontra zinakatwa ao mutu anatumwa nyumbani bila mushahara. Kule kuna shirikisho la sendika, ZATUC, na chama cha watu wa hoteli, CHODAWU-Z, na vita yao ni ile ile yetu: kontra iandikwe, mwenye kazi ya kila siku asihesabiwe sawa kibarua.

Tunasema hivi kwa sababu mwenye kununua apartema ile naye anakuwa patroni kidogo. Faida anayoahidiwa inatoka ku mukono wa mutu anayefua mashuka. Sisi tunaopigania mushahara hapa, hatuwezi kufunga macho juu ya mushahara wa kule.

Dekonti inakuja mara moja

Mu 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile programu ya kuondoka kwa kupenda, yenye kulipwa na feza ya Banki ya Dunia. Wengi wetu ni watoto wao. Tuliona wengine wakinunua parsele, wengine basi ndogo, wengine shamba. Kwa wengi makuta haikukaa. Si kwa sababu walikuwa wajinga. Ni kwa sababu feza nyingi ilikuja siku moja, na washauri wenye njaa walikuja siku ile ile.

Mwenye kupata dekonti leo anaitiwa bahari. Hatumukatazi. Feza ni ya jasho lake. Lakini mbele ya kutia sahihi, aulize mambo haya na adai jibu kwa karatasi:

– Mradi huu ulikubaliwa na ZIPA? Barua iko wapi?
– Miaka 99 inahesabiwa kutoka siku gani: siku nitakayonunua, ao siku kampuni ilipopewa udongo?
– Jengo limesimama, ao ninanunua mu plani? Likikawia ao likikufa katikati, feza yangu iko mukononi mwa nani?
– Kila mwezi nitalipa kiasi gani ya ulinzi, maji, lifti na usimamizi, hata kama chumba kiko wazi?
– Nikifa, bibi na watoto wangu watarizi kwa karatasi gani, na mbele ya tribinali ya inchi gani?
– Nikitaka kuuza, nani atanunua, na kodi ya serikali ni ngapi?

Mwenye kukosa jibu moja hapa, abaki na feza yake.

Na udongo wa kwetu?

Jambo la mwisho ni la hapa nyumbani. Wakati mwenzetu anatafuta dola za kukodi mchanga wa mbali, mu Kolwezi bei ya parsele inapanda kwa sababu ya mine, na ni sisi tunaoketi juu yake. Komisionere anapita mulango kwa mulango. Tukiuza wa kwanza, tutakuwa sawa ile jamaa ya Paje yenye kuvuka barabara. Kodi ya mine, kufuata kode ya 2018, inapaswa kuacha asilimia 15 ku komini na sefori, na kampuni kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa miradi ya wenyeji. Hiyo ni haki iliyo juu ya karatasi tayari. Kijiji cha pwani kingefurahi kuwa na karatasi ya namna hiyo ku mukono.

Basi mwenye nyumba aliyerizi kwa baba yake aende kutafuta sertifika yake kwanza, kwa jina lake na la bibi yake. Na mwenye kontra ya Zanzibar mu mufuko ailete ku ofisi ya sendika mbele ya kulipa. Tutaisoma pamoja, kifungu kwa kifungu, sawa tunavyosoma mapatano ya mishahara.