Unaumwa Nini? Mgonjwa na Swali la Mwajiri Wake



Miezi michache iliyopita, baada ya Sala ya Ijumaa, alitujia ofisini muumini mmoja, kijana mwenye mke na watoto wawili, akiwa na ombi la barua. Katika ofisi ya kamati ya msikiti barua ni jambo la kila wiki: ya kumtambulisha mwanafunzi, ya ndoa, ya msiba. Huyu alihitaji ya msiba. Alitaka tuthibitishe kwa mhuri kwamba Jumatatu na Jumanne alikuwa katika maziko ya shangazi yake. Tatizo ni kwamba shangazi huyo tunamfahamu. Siku ya Jumatano, yaani siku moja baada ya maziko hayo, alileta maandazi kwenye darsa la akina mama.

Tulipomuuliza kwa upole, aliinamisha kichwa akasema kweli. Ana vidonda vya tumbo. Usiku wa Jumapili alitapika hata akashindwa kusimama, akalala kitandani siku mbili. Basi mbona hakusema kwamba anaumwa? Akatueleza kuwa bosi wake si mtu mbaya, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kila akiaga kwa ugonjwa, bosi humwita na kumuuliza mbele ya wenzake anaumwa nini hasa, amepima wapi, anakula nini. Mara ya mwisho alimwambia kwa huruma kabisa kwamba huenda zamu ya usiku imemshinda, afikiriwe kuondolewa. Zamu ya usiku ndiyo yenye posho, na posho ndiyo kodi ya nyumba. Tangu siku hiyo kijana akaona heri afe shangazi kuliko yeye kuumwa.

Barua hatukuiandika. Lakini tulikaa naye hadi alasiri, na kwa ruhusa yake, bila kutaja jina wala mahali, tunaeleza hapa tuliyozungumza, kwa kuwa tunaamini wako wengi katika nyumba zetu waliokwisha kuzika jamaa walio hai.

Tuanze na haki, maana mtu asiyeijua haki yake huiomba kama sadaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005), inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari, kile ambacho wengi tunakiita ED. Asiyeleta cheti, mwajiri halazimiki kumlipa. Aidha, aliye chini ya miezi sita kazini kwa kawaida hajaifikia haki hii ya likizo yenye malipo.

Sheria hiyohiyo inatoa angalau siku nne zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wa mwajiriwa, au kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Shangazi hayumo. Kwa hiyo kijana wetu, pamoja na dhambi ya uongo, alikuwa ameuchagua msiba usiolipwa, akaiacha likizo ya ugonjwa ambayo ni haki yake. Hapo hata yeye alicheka.

Ama kuhusu swali la bosi, tulimwambia alitenganishe mara mbili. Liko swali la kazi: utarudi lini, nani ashike nafasi yako, kuna jambo usiloweza kulifanya kwa sasa? Hilo ni halali ya mwajiri, na mwajiriwa analijibu kikamilifu na mapema, kabla zamu haijaanza, si saa nne asubuhi simu ikiwa imeshapigwa mara sita. Na liko swali la mwili: unaumwa nini hasa, limeanza vipi, mkeo naye anasemaje? Hili laweza kuulizwa kwa mapenzi ya kweli, na mtu anaweza kulijibu akipenda, lakini kutolijibu si utovu wa adabu. Mgonjwa anaweza pia kumwomba daktari aandike siku za mapumziko na mipaka ya kazi, bila jina la ugonjwa. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, sheria ya mwaka 2008 inalinda siri ya matokeo ya kipimo chake, na kumbagua kazini kwa sababu hiyo ni kosa.

Maneno yenyewe tuliyapanga pamoja, kwa kuwa ulimi wa mgonjwa huwa mzito. "Shikamoo, bosi. Nimeamka vibaya, nakwenda hospitali. Nitakujulisha kabla ya adhuhuri daktari amesemaje. Funguo za ghala ziko kwa mwenzangu wa zamu." Akiulizwa zaidi mbele ya watu: "Nashukuru kwa kunijali, bosi. Ni tatizo ambalo daktari analishughulikia. Nikipata nafasi nitakuja ofisini tuongee." Na likija lile la zamu ya usiku, asibishane wala asikubali papo hapo. Aombe daktari ndiye aseme kwa maandishi kama usiku unamdhuru au haumdhuru.

Alikwenda. Wiki tatu baadaye tumbo lilimrudia, akapeleka ED ya siku mbili. Bosi aliisoma, akauliza tena unaumwa nini hasa, naye akajibu kama tulivyopanga. Bosi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, upone." Zamu ya usiku bado anayo. Kama itaendelea kuwa yake hatuwezi kusema.

Hatusahau upande wa pili. Wako wanaougua kila Jumatatu inayofuata harusi, na mwajiri aliyekwisha kudanganywa mara tatu haoni tena tofauti ya homa ya kweli na homa ya rusha roho. Katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) kule Madyan, kilichomo ndani ya Surat al-Qasas, sifa mbili zilizotajwa za mtu anayefaa kuajiriwa ni nguvu na uaminifu. Mgonjwa amepungukiwa na ile ya kwanza kwa siku chache tu. Ni hasara kubwa akijitia mwenyewe katika kuipoteza ya pili.

Neno dogo kuhusu Ramadhani. Baadhi ya wakubwa wa kazi wasio Waislamu huwaona wafanyakazi wao wamefunga, wamekauka midomo, wakawaambia wale kidogo. Vijana wetu hukasirika. Mara nyingi hakuna ubaya hapo, ni kutojua, na "nashukuru, nimezoea" inatosha. Lakini kama kweli una kisukari na daktari amekukataza kufunga, huo ni udhuru ambao dini yenyewe imeukubali, na bosi wako siku hiyo amesema lililo sawa kwa bahati.

Sasa tufike kwetu wenyewe, jambo ambalo tungependa kulipita haraka lakini dhamiri inakataa. Kamati ya msikiti nayo ni mwajiri. Tunaye mlinzi, muadhini, na ustadhi wa madrasa. Mwaka jana ustadhi alianza kukohoa. Mwenyekiti alimuuliza baada ya Isha, mbele ya jamaa: "Ustadhi, kikohozi hicho vipi?" Akajibu ni vumbi la chaki. Katibu naye, yaani mwandishi wa maneno haya, aliuliza wiki iliyofuata, akapewa jibu lilelile, akaridhika. Tulimletea asali. Tuliona tumemjali.

Ustadhi hakuwa na mkataba. Alikuwa akipokea posho mwisho wa mwezi kutoka katika michango ya wazazi, na mwezi ambao madrasa ilifungwa hakupata kitu. Alikohoa wiki saba mbele ya watoto thelathini na mmoja katika chumba chenye dirisha moja. Aliyeuvunja ukimya ni mama mmoja wa mwanafunzi, ambaye ni muuguzi. Yeye hakumuuliza anaumwa nini. Alimvuta pembeni akamwambia kwamba kikohozi cha wiki mbili au zaidi hupimwa makohozi, kwamba kipimo na dawa katika vituo vya serikali ni bure, na kwamba Jumatatu asubuhi atamsindikiza.

Ilikuwa kifua kikuu. Matibabu yake ni ya miezi sita, na mgonjwa akizingatia dawa, kwa kawaida uwezo wa kuambukiza hushuka sana baada ya wiki chache za mwanzo. Watoto wote waliitwa kupimwa. Wadogo zaidi walipewa dawa ya kinga. Mtoto mmoja wa miaka sita alikutwa tayari anaumwa.

Tulipokwenda kumzuru ustadhi, mwenyekiti alimuuliza, si kwa ukali, kwa nini alituficha. Akasema: "Mlikuwa mkiniuliza naumwa nini. Hamkuwahi kuniambia mtafanya nini nikiwajibu." Hakuna aliyekuwa na la kusema. Chai ilipoa.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Wako waliosema ustadhi aondolewe, na wako waliosema msikiti si kampuni, mambo ya mikataba ni ya wenye kampuni. Mwishowe tulipitisha karatasi ya ukurasa mmoja kwa kila anayetumikia msikiti kwa malipo. Posho yake inaendelea akiwa na ED, kwa kiwango kilekile cha sheria, na fungu la fedha hizo limetengwa kutoka katika kodi ya vibanda vya nje. Swali la afya linaulizwa na mtu mmoja tu, faraghani, na ni lazima aanze kwa kueleza kwamba nafasi ya kazi ipo. Ugonjwa wa kuambukiza lazima usemwe kwa mtu huyo, kwa ajili ya watoto, na hauendi mbali zaidi ya hapo ila kwa wanaohitaji kupimwa. Dirisha la pili limetobolewa.

Ustadhi alirudi darasani baada ya daktari kuruhusu, na ametukubalia tuyaandike haya. Mtoto yule anaendelea vizuri na dawa, alhamdulillah, ila mama yake hajamrudisha madrasa. Tumekwenda nyumbani kwao mara mbili, tukakaribishwa kwa heshima zote, na jibu lake ni lilelile: dozi ikishakwisha, ndipo tuzungumze na baba yake.