Fatwa ya Timbuktu na Mifuko Iliyoifumbua

Msomaji wa taarikhi hukipata kitabu kimekwisha kukamilika, kina jalada na fihirisi na jina la mwandishi, na ni nadra ajiulize ni nani aliyelipa nauli ya mwandishi huyo, na ujira wa mnakili, na pango la chumba walimokaa miaka mingi wakisoma maandiko yaliyotobolewa na mchwa. Walakini katika tawi hili la elimu, ambalo huchunguza jinsi wanadamu walivyobaguliwa kwa rangi zao, na jinsi dola kubwa zilivyojihalalishia kuwatawala, na jinsi wanavyuoni wa Kiislamu walivyopambanua baina ya dhulma na haki, habari ya mfuko ni sehemu ya taarikhi yenyewe. Mtafiti mwaminifu hauzi majibu yake. Lakini huliuliza lile swali alilopata riziki ya kuliuliza, na maswali mengine hubaki yamelala kwa miaka mia.

Nitashika kisa kimoja tu, kwa kuwa ndani yake yamo yote matatu, rangi na dola na haki, nacho ni kisa cha risala iitwayo Mi'raj al-su'ud, aliyoiandika Ahmad Baba wa Timbuktu mwaka 1615.

Ahmad Baba alizaliwa mwaka 1556 katika ukoo wa Aqit, ukoo wa Kisanhaja uliotoa makadhi wa mji ule kizazi baada ya kizazi. Mwalimu wake mkuu alikuwa Muhammad Baghayogho, Mwangara mweusi, ambaye mwanafunzi wake huyu alimtaja baadaye, katika kamusi yake ya wanavyuoni wa madhehebu ya Kimaliki, kwa maneno ya taadhima kubwa, akisimulia hata jinsi mzee yule alivyowaazima watu vitabu vyake vya thamani bila ya kuvidai. Habari hii naiona ni ya maana kuliko inavyodhaniwa, maana kijana wa Kisanhaja aliyekaa miaka mbele ya mwalimu mweusi, akimtegemea kwa Hadithi na fikihi na mantiki, alikwisha kulijibu moyoni mwake swali la rangi kabla ya kuulizwa na mtu yeyote.

Sultani Ahmad al-Mansur wa Moroko, aliyeitamani dhahabu ya Sudani ya Magharibi na kudai ukhalifa juu ya Waislamu wa huko, alipeleka jeshi lenye bunduki chini ya Judar Pasha, likavuka jangwa na mwaka 1591 likalivunja huko Tondibi jeshi la Songhay, dola iliyoitawala Timbuktu. Miaka miwili baadaye wanavyuoni wa Timbuktu walikamatwa kwa tuhuma ya uasi, nyumba zao zikaporwa, wakafungwa minyororo na kusafirishwa hata Marrakesh. Njiani Ahmad Baba alianguka kutoka juu ya ngamia, akavunjika mguu. Alipokuja kusema na sultani alilalamika kwamba amenyang'anywa vitabu 1,600, na kwamba katika jamaa zake yeye ndiye aliyekuwa na maktaba ndogo. Alifunguliwa mwaka 1596, lakini hakuruhusiwa kurudi kwao. Akasomesha na kutoa fatwa katika mji wa waliomteka, na sifa yake ikaenea Maghribi yote, mpaka al-Mansur alipokufa mwaka 1603 na wanawe wakagombania kiti. Mwaka 1608 alirejea Timbuktu, na huko ndiko alikofia mwaka 1627.

Basi swali lililomjia kutoka chemchemi za Tuwat, njia panda ya misafara inayopeleka watumwa kaskazini, lilimjia mtu aliyekwisha kuionja minyororo iliyotiwa na Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe. Wafanya biashara wa Tuwat walikuwa wakinunua watu watokao Bornu na Kano na Katsina na Songhay, nchi ambazo Uislamu wake unajulikana, na baadhi yao wakaingiwa na wasiwasi: je, yafaa kuwamiliki watu hawa? Na ile hekaya ya Nuhu kumlaani mwanawe Ham, hata kizazi chake kikawa cheusi na kikawa cha watumwa, ina mashiko gani katika sheria?

Jawabu la Ahmad Baba lilikuwa wazi. Sababu ya utumwa katika sheria ni ukafiri, wala si rangi, na kafiri mweupe na kafiri mweusi hukumu yao ni moja. Watu wa nchi zilizotajwa walisilimu kwa hiari yao bila ya kutekwa na mtu, kwa hiyo ni waungwana, na anayewauza anauza asichokimiliki. Juu ya hekaya ya Ham alimtegemea Ibn Khaldun, aliyekwisha kueleza kuwa weusi wa ngozi hutokana na hewa na joto la nchi, wala hautokani na laana ya mtu. Fauka ya hayo alimrejea Makhluf al-Balbali, aliyetoa fatwa ya namna hiyo karibu miaka mia kabla yake, jambo linalobainisha kwamba shaka hii ilikuwa ya zamani na biashara haikusimama.

Hapa waandishi wengi wa zama zetu humpamba Ahmad Baba kwa vazi ambalo hakulivaa. Hakuupinga utumwa. Katika risala ile ile aliorodhesha makabila aliyoyahesabu kuwa ya makafiri, wakiwamo Wamosi, Wagurma, Wadogon na Wayoruba, na kwa kuwataja huko aliwafungulia wateka watu mlango ule ule aliowafungia upande wa pili. Mwenye kuisoma risala yote huona kwamba alipigania mpaka wa imani uheshimiwe mahali pa mpaka wa rangi, nao ni mpaka uliowaacha nje watu wengi mno. Kumsifu kwa alilolisema na kunyamaza juu ya orodha yake ni kumdhulumu yeye, na kuwadhulumu zaidi waliotajwa ndani yake.

Wala fatwa haikuwa ngao imara mbele ya dola. Chini ya miaka mia baada yake, sultani mwingine wa Moroko, Mulai Ismail, aliyetawala kuanzia mwaka 1672 hata 1727, alikusanya watu weusi wa nchi yake mwenyewe, wakiwamo wengi waliozaliwa waungwana na Waislamu, akawatia katika jeshi lake la watumwa kwa ushahidi wa ngozi zao, kisha akawataka wanavyuoni wa Fez watie saini kuhalalisha. Abd al-Salam Jasus alikataa. Akafungwa, akafilisiwa, na mwaka 1709 akauawa. Majina haya mawili, Ahmad Baba na Jasus, yatosha kumkanusha yeyote asemaye kwamba Waislamu hawakujadiliana kamwe juu ya rangi na utumwa mpaka walipofundishwa na Wazungu. Na laiti msemaji huyo angeulizwa kwa nini hakupata kuyasikia, jawabu lingetupeleka moja kwa moja kwenye mifuko.

Mzungu wa kwanza kuijua vema taarikhi iliyoandikwa na wenyeji wa Timbuktu alikuwa Heinrich Barth, Mjerumani aliyesafiri kwa gharama ya serikali ya Uingereza, katika msafara uliotumwa kutafuta njia za biashara na kupeleleza habari za utumwa. Mwaka 1853, alipokuwa Gwandu, alipewa kuisoma Tarikh al-Sudan, akanakili kwa pupa yale aliyoyaona ya maana, yaani miaka na wafalme na vita, na akadhani kuwa aliyeitunga ni Ahmad Baba, ilhali mtungaji ni Abd al-Rahman al-Sa'di. Kisha wakaja Wafaransa, walioitwaa Timbuktu mwanzo wa mwaka 1894. Octave Houdas alikitafsiri kitabu cha al-Sa'di mwaka 1900, na mwaka 1913 yeye pamoja na Maurice Delafosse, aliyekuwa mtumishi wa utawala wa kikoloni, walitoa Tarikh al-fattash. Kazi hizo zilikuwa kubwa na bado twazitumia. Lakini dola iliyozilipia ilitaka kujua nani alimtawala nani, ili ijue nayo itamtawala nani na kupitia kwa nani. Fatwa juu ya uungwana wa mtu mweusi haikuwa na kazi katika ofisi ya gavana.

Tena ofisi ile ilizua nadharia yake, kwamba kuna Uislamu wa watu weusi, mwepesi, wa hirizi na mashekhe wa vijijini, usiofanana na Uislamu wa Waarabu, na kwamba ni kheri kwa serikali uendelee kutengwa nao. Aliyeamini hivyo hakuwa na sababu ya kutafuta fikihi Timbuktu. Na hata Tarikh al-fattash ilichukuliwa kuwa kitabu cha karne ya kumi na sita, mpaka Nehemia Levtzion alipoonyesha mwaka 1971 kwamba sehemu zake zilitiwa mkono katika karne ya kumi na tisa, ili kumfanya Ahmad Lobbo, mtawala wa Masina, aonekane khalifa aliyebashiriwa. Na uchunguzi wa karibuni wa Mauro Nobili umekwenda mbali zaidi, ukionyesha kuwa kitabu chenyewe kwa umbo lake ni utungo wa Nuh ibn al-Tahir, mwanachuoni wa baraza ya Lobbo. Miongoni mwa yaliyomo ni madai kwamba makabila fulani ni watumwa wa urithi wa mtawala. Kwa muda mrefu madai hayo yalisomwa kama ushuhuda wa kale.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mfuko ulihamia Marekani, na pamoja nao ukahamia mgawanyo mwingine. Sheria ya mwaka 1958 ya kugharimia elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, iliyotungwa kwa fadhaa ya satelaiti ya Warusi, pamoja na misaada ya Taasisi ya Ford, zilijenga vyuo vya maarifa ya maeneo: Afrika huku, Mashariki ya Kati kule. Mwanafunzi wa Afrika alifundishwa Kihausa au Kiswahili. Mwanafunzi wa Kiarabu alipelekwa Cairo. Maandishi ya Kiarabu yaliyotungwa na watu weusi yakaanguka katikati, na hakuna aliyelaumiwa, maana kila idara ilitimiza wajibu wake.

Waliouziba ufa huo walikuwa wachache. John Hunwick, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Nigeria, alianzisha mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Ibadan kituo cha kukusanya hati za Kiarabu, ndani ya chuo cha Kiafrika, katika nchi iliyokuwa huru kwa miaka minne tu. Mwaka 1985 alitoa majibu ya mwanachuoni al-Maghili kwa maswali ya Askia Muhammad, mtawala wa Songhay, katika mfululizo wa asili za taarikhi ya Afrika uliosimamiwa na Baraza la Elimu la Uingereza, liitwalo British Academy. Katika mfululizo huo huo, mwaka 1995, ilitoka taarikhi ya Mazrui wa Mombasa aliyoiandika kwa Kiarabu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyefariki mwaka 1947. Miaka arubaini na minane mswada wa mtu wetu ulingoja chapa, nayo ilipatikana Uingereza.

Kwa upande wa Timbuktu, UNESCO ilikutanisha wataalamu huko mwaka 1967, na kituo kilichopewa jina la Ahmad Baba kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Kuwait. Mkurugenzi wake wa kwanza, Mahmoud Zouber, ndiye aliyeandika kitabu kizima juu ya maisha ya Ahmad Baba, kilichochapwa Paris mwaka 1977. Afrika Kusini nayo, baada ya ziara ya Rais Thabo Mbeki mwaka 2001, iligharimia jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2009. Kila mfuko ulikuwa na shauku yake: Kuwait ilitaka kuona Kiarabu, na Afrika Kusini ilitaka kuona Waafrika walioandika. Sioni aibu katika shauku hizo, maadamu mtafiti anazijua.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni hii, kwamba chapa kamili ya Mi'raj, yenye matini ya Kiarabu na tafsiri ya Kiingereza, waliyoishughulikia Hunwick na Fatima Harrak, ilitolewa mwaka 2000 huko Rabat na chuo cha uchunguzi wa Afrika cha Chuo Kikuu cha Mohammed V. Yaani fedha za dola ya Moroko ndizo zilizomchapa mtu aliyetiwa minyororo na dola ya Moroko. Na ni katika kizazi kilichofuata ndipo alipotokea Chouki El Hamel, mzaliwa wa Moroko anayefundisha Marekani, akaandika mwaka 2013 juu ya watu weusi wa nchi yake na juu ya Jasus, habari ambazo wengi wa wenzake waliona ni afadhali zisitajwe.

Mwaka 2012 wapiganaji wenye siasa kali waliiteka Timbuktu, na walipokimbia Januari 2013 waliichoma moto sehemu ya hati za kituo cha Ahmad Baba. Hati zipatazo 4,000 zilipotea. Nyingi zaidi ziliokoka, kwa kuwa Abdel Kader Haidara, mtunza maktaba wa Timbuktu, na wenzake walizitorosha hadi Bamako ndani ya masanduku ya bati. Sehemu ya kwanza ya gharama ilikuwa dola 12,000 ambazo Taasisi ya Ford ilikuwa imempa Haidara ili akajifunze Kiingereza Oxford. Akaomba ruhusa azitumie kwa kazi hii, akaruhusiwa.

Hati hizo sasa zinapigwa picha, na picha hizo zaweza kusomwa na mtu aliye Lamu au Chicago. Kazi iliyobaki haipendezi sana machoni pa wafadhili, kwani ni kusoma: mikataba ya kuuza watu, hati za kuwaacha huru, na fatwa za mafakihi wasiojulikana, zilizoandikwa kwa mwandiko wa Kimaghribi uliobanana. Anayetaka kuzisoma inampasa ajue Kiarabu cha fikihi ya Kimaliki na lugha moja walau ya wenyeji, na maarifa hayo hayapatikani chini ya miaka saba au minane ya kukaa chini kwa mwalimu. Ruzuku kubwa za Ulaya hutolewa kwa miaka mitano, na nyingi nyinginezo ni za mitatu.