Kura ya Mtu Mweusi Marekani (3): Nani Athibitishe?

Toleo lililopita tuliishia kwenye mabasi ya Montgomery. Leo tuingie katika ofisi ya msajili wa wapiga kura, kwani humo ubaguzi ulifanya kazi kimyakimya, kwa karatasi na kalamu.

Agosti 31, 1962, watu 18 walipanda basi kwenda Indianola, Mississippi, kujiandikisha. Miongoni mwao alikuwamo Fannie Lou Hamer, mtoto wa 20 wa wakulima waliolima mashamba ya Wazungu kwa kugawana mavuno. Msajili alimpa kifungu cha katiba ya jimbo akinakili, kisha aeleze maana yake. Akashindwa. Wakiwa njiani kurudi, polisi walilisimamisha basi, dereva akatozwa faini ati basi lake ni la manjano kupita kiasi, abiria wakachanga. Usiku huohuo mwenye shamba alimtaka Hamer achague: afute ombi lake au ahame. Akahama, baada ya miaka 18 ya kazi.

Hapakuwa na sheria iliyosema Mweusi asipige kura. Katiba ya Marekani ilikwisha kukataza ubaguzi huo tangu 1870. Lakini kila hila ilipobatilishwa mahakamani, jimbo lilibuni nyingine, na mnyonge akaanza kesi upya.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, aliyoitia saini Rais Johnson Agosti 6, 1965, miezi mitano baada ya askari kuwapiga waandamanaji waliodai haki hiyo darajani Selma, Alabama, iliuhamisha mzigo. Majimbo kama Alabama na Mississippi yalilazimika kupata kibali cha Washington kabla ya kuhamisha hata kituo cha kura. Sasa ni jimbo lililopaswa kuthibitisha kwamba halimwonei mtu. Mississippi, Weusi walioandikishwa walipanda kutoka asilimia 6.7 hadi karibu 60 kufikia 1967. Kwangu mimi, kifungu hicho cha kibali, kikavu na cha kiofisi, kina uzito kuliko hotuba zote zinazokaririwa kila mwaka.

Juni 25, 2013, Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ilifuta kigezo kilichoamua ni majimbo gani yaombe kibali, ikisema kimepitwa na wakati. Siku hiyohiyo Texas ikatangaza kutekeleza sheria ya vitambulisho iliyokuwa imezuiwa: leseni ya kubeba bastola ilikubalika kituoni, kitambulisho cha mwanafunzi hapana. Mahakama ya rufaa ilikuja kusema 2016 kwamba sheria hiyo inawabagua Weusi na Walatino. Uchaguzi wa 2014 ulikwisha kufanyika chini yake.